Mtoto Mzima Mnampima Nini?

Hotuba kwa wakunga, wauguzi, wanafunzi wa afya na wazazi, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, madaktari wenzangu, wakunga na wauguzi, vijana wa vyuo vya afya, na nyinyi akina mama mliokuja na vichanga vyenu mapajani, nakushukuruni nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya vipimo vya moyo katika damu ya mtoto mchanga. Walionialika walitarajia nianze na mtoto mgonjwa. Leo nitawachelewesha kidogo, kwa sababu nataka kuzungumza zaidi juu ya mtoto mzima, yaani asiyeumwa.

Kila muuguzi wa wodi ya wazazi ameshaulizwa swali hili, na kama bado ataulizwa: "Mwanangu ananyonya, analia vizuri, choo kapata. Mnampima nini?" Anayeuliza mara nyingi ni bibi wa mtoto, kakaa ukingoni mwa kitanda na mkoba wa nguo za mzazi magotini. Na wengi wetu tukiulizwa hivyo hujibu mkato, "ni utaratibu tu, bibi," tukapita. Bibi yule ameuliza swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye mikutano ya wataalamu, na anastahili jibu kamili. Nitajaribu kulitoa leo.

Kwanza tujue kinachopimwa ni nini. Ndani ya msuli wa moyo mna protini inayoitwa troponini. Kazi yake ni kuuongoza msuli ukaze wakati wake na ulegee wakati wake. Maadamu seli za moyo zina afya, troponini hukaa ndani na kinachoonekana kwenye damu ni kidogo sana. Seli zikiumia, huvuja. Ndiyo maana mtu mkubwa akifika spitali kashika kifua, damu yake huchukuliwa upesi ikatazamwe troponini. Kwa aina ya troponini T inayopimwa kwa mashine za kisasa, mpaka unaotumika ni nanogramu 14 kwa lita. Akipita hapo, daktari hukaa sawasawa kwenye kiti.

Alama ya pili ina jina baya, NT-proBNP, na hakuna aliyewahi kulipatia jina zuri zaidi. Vyumba vya moyo vinapojaa kupita kiasi na kuta zake zikavutika, moyo hutengeneza homoni ya kuziambia figo zitoe chumvi na maji ili mzigo upungue. Homoni hiyo, kabla ya kuanza kazi, hukatwa vipande viwili. Kimoja kinakwenda kufanya kazi. Cha pili kinazunguka tu ndani ya damu mpaka figo ikitoe, na kwa kuwa hakiharibiki haraka, hicho ndicho tunachokipima. Wajapani waliigundua homoni hii mwaka 1988 kwenye ubongo wa nguruwe (msinikimbie, hakuna nguruwe ndani ya kipimo), na ndiyo sababu jina lake limebaki na B, herufi ya ubongo kwa Kiingereza (brain), hali ya kuwa kiwanda chake kikubwa ni moyo. Kwa mtu mkubwa asiye na dharura, NT-proBNP ikiwa chini ya nanogramu 125 kwa lita, moyo kushindwa kazi ni jambo la mbali.

Iko na ya tatu, CK-MB, ambayo siipotezei muda. Mtoto akipita njia ya uzazi hubanwa mwili mzima, na misuli iliyobanwa nayo hutoa kimeng'enya hicho. Ukikuta kiko juu hujui kimetoka moyoni au begani.

Sasa nije kwenye hizo namba 14 na 125. Zilitoka wapi? Watu wengi hudhani mpaka wa ugonjwa hupatikana kwa kuwapima wagonjwa. Mpaka wa troponini ulipatikana kwa kuwapima watu wasio na maradhi ya moyo, mamia kwa mamia, wakapangwa kwa namba zao kutoka wa chini hadi wa juu. Pale ambapo watu 99 katika kila 100 wako chini, hapo pakawekwa alama. Kwa hiyo herufi ile nyekundu unayoiona kwenye karatasi ya majibu, ukiifuata nyuma, inakufikisha kwa mtu aliyekuwa hana tatizo lolote, akakubali kutoa damu yake. Bibi wa ukingoni mwa kitanda, hili ndilo jibu langu la kwanza kwako. Bila ya watoto wazima waliopimwa, hatuna namna ya kumtambua aliye mgonjwa.

Na watu waliopimwa wakati ule walikuwa wakubwa. Hapakuwa na mtoto wa siku mbili kati yao.

Nilionyeshwa karatasi ya majibu ya mtoto mmoja, kutoka maabara ambayo sitoitaja. Mtoto wa wiki 39, kilo tatu na kidogo, umri siku mbili. Alipimwa kwa sababu aliyemsikiliza moyo alihisi kelele kidogo, jambo la kawaida siku hizo. Kwenye mstari wa NT-proBNP imeandikwa 4,200. Pembeni, herufi H iliyokolezwa, yaani iko juu. Na kwenye safu ya mwisho, viwango vya kawaida: chini ya 125. Sasa piga hesabu kama baba wa mtoto alivyoipiga, akiwa kasimama dirishani na simu mkononi. Ni zaidi ya mara thelathini na tatu ya kinachoruhusiwa! Usiku ule ule alishaanza kutafuta wa kumkopesha, kwanza nauli ya boti ya Mkoani kwenda Unguja, kisha ya kuvuka Dar es Salaam kwa madaktari wa moyo. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilipofanyika, moyo ulikuwa wa kawaida kwa mtoto wa umri ule. Mtoto hakuwa na kosa, wala mashine haikuwa na kosa. Safu ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya mtu mwingine.

Nyinyi wa Pemba mnajua: karafuu mbichi ukiipeleka kituoni ikapimwa kana kwamba ni kavu, mizani haitakuwa imesema uongo, lakini hesabu yote itakuwa upuuzi. Mtoto mchanga hapimwi kwa mizani ya mzee wa miaka sitini.

Kwa nini namba zake ziko juu hivyo? Hapa naomba mnivumilie, maana hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni yake inatoka kwa mama kupitia kondo la nyuma na mshipa wa kitovu. Mapafu yamejaa maji, mishipa yake imebana, na damu nyingi inayotoka upande wa kulia wa moyo haina haja ya kwenda huko. Inapitia njia mbili za mkato. Moja ni kijitundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Nyingine ni mfereji mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili. Kondo lenyewe ni kubwa na laini, damu inapita ndani yake bila ya kusukumwa kwa nguvu.

Halafu mtoto anazaliwa. Analia. Hewa inaingia, mapafu yanafunguka, mishipa yake inalegea, na damu inayopita mapafuni inaongezeka kwa mara nane hadi kumi. Mkunga anakibana kitovu kwa kibanio, kisha cha pili, na kati ya vibanio viwili anapitisha mkasi. Angalia mkono wake wakati huo. Sekunde moja tu, lakini kwa moyo wa mtoto lile kondo laini limeondolewa, na upande wa kushoto sasa unasukuma damu kwenye mwili wenye ukinzani mkubwa, peke yake, kwa mara ya kwanza. Damu yote iliyotoka mapafuni inarudi kwake. Kijitundu kati ya vyumba kinasukumwa na kujiziba. Mfereji nao unaanza kusinyaa, na kwa mtoto aliyetimiza miezi kwa kawaida huwa umeshafunga ndani ya siku mbili tatu. Haya yote yanatendeka huku moyo ukipiga mara 120 hadi 160 kwa dakika, na sisi nje tunagombana nani atangulie kumpokea.

Moyo uliotwishwa mzigo huo usipotoa homoni ya kulalamika, ndipo ningeshangaa. Ndio maana NT-proBNP, ambayo kwenye damu ya kitovu huwa katika mamia, siku ya kwanza na ya pili hupanda mpaka maelfu. Viwango vilivyokusanywa kutoka tafiti kadhaa na kuchapishwa mwaka 2009 vinaonyesha kwamba kwa siku mbili za mwanzo, mpaka wa juu kwa watoto wazima unafika karibu 13,000. Kuanzia siku ya tatu mpaka ya kumi na moja, unateremka hadi karibu 6,500. Baada ya mwezi mmoja mpaka mwaka, ni 1,000. Irudieni ile karatasi ya 4,200 sasa, mtaona ilivyokaa vizuri katikati ya wenziwe.

Figo nazo zimo. Za mtoto mchanga hazijakomaa, kwa hivyo kinachotakiwa kutolewa kinachelewa ndani ya damu. Na troponini T ina sababu yake nyingine. Wakati mtoto anaumbwa, misuli ya kawaida ya mwili nayo hutengeneza aina za troponini T ambazo baadaye hubaki kwa moyo peke yake, na wataalamu wanadhani mabaki ya kazi hiyo yanachangia. Vyovyote iwavyo, tafiti zimekuta troponini T ya watoto wazima wa siku chache iko juu ya 14 kwa walio wengi, na katika baadhi ya tafiti mpaka wao wa juu umepita 100. Tena haitoki kwa mama, kwani troponini haivuki kondo. Ni ya mtoto mwenyewe.

Wauguzi wangu, hapa naona nyuso zimelegea, mnasema alhamdulillahi, kumbe zote ni kawaida. La. Hatari ya pili ni hiyo. Mtu akishajifunza kwamba watoto wachanga wote wako juu, siku moja ataletewa mtoto aliyechelewa kulia, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, mwenye troponini iliyopanda kwa sababu msuli wa moyo umeumia kweli, naye atasema ndivyo walivyo. Mtoto wa mama mwenye sukari, mtoto njiti ambaye mfereji wake umekataa kufunga na mapafu yanajaa damu, mtoto mwenye maambukizi makali, wote hao namba zinaweza kutueleza jambo. Bila ya mpaka uliopimwa kwa wa umri wake, anayekokotwa hadi Dar bure na anayerudishwa nyumbani kimakosa wameponzwa na kosa moja.

Basi na tuwapime wazima, yakhe, kazi iko wapi? Kazi iko kwenye kumjua mzima ni nani.

Hapo ndipo tafiti nyingi hukwama, wala haionekani kwenye karatasi. Mtoto aliyetimiza wiki 37, sawa. Lakini wiki hizo zimehesabiwa kwa nini, kwa ultrasaundi ya mapema au kwa mama kukumbuka siku zake baada ya Mfunguo Tatu? Uzito kuanzia kilo mbili na nusu, sawa. Mama hana sukari, ila je, alipimwa? Presha ya mimba haikupanda, lakini kadi ya kliniki ina nafasi mbili tupu. Aliyezaliwa kwa upasuaji tumweke pamoja na aliyezaliwa kwa njia ya kawaida au tuwatenge? Mtoto mwenye manjano kidogo, je? Ukiwachuja sana utabaki na watoto ishirini wasiofanana na watoto wa wodi yako. Ukiwalegezea, mpaka wako wa juu unapanda kwa sababu wagonjwa wamejipenyeza. Mimi naegemea kuchuja kwa mambo ya moyo na ya uzazi, na kuwaacha wengine ndani. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na si watu wa kupuuzwa.

Idadi pia haina mzaha. Kanuni inayofuatwa na maabara duniani inataka angalau watu 120 wazima kwa kila kundi unalotaka kulichorea mipaka ya kawaida. Ukitaka ile alama ya 99 katika 100, wanaotakiwa ni zaidi, mia tatu wanazungumzwa. Na kundi kwa mtoto mchanga ni saa. Wa saa 6 si mwenzake wa saa 60. Kwa hivyo fomu isiyokuwa na saa ya kuzaliwa na saa ya kuchukuliwa damu, hata damu iwe nzuri vipi, haina faida.

Na damu yenyewe ni hazina ndogo. Mtoto ana mililita 80 mpaka 85 kwa kila kilo. Wa kilo tatu ana robo lita, yaani chini ya chupa ndogo ya maji ya dukani. Anayesema "nipe mililita tano tu" hajafikiri. Njia nzuri ni kitovu. Kondo limeshatoka, mtoto kashakwenda kwa mamake, mkunga anachoma sindano kwenye mshipa wa kitovu na kupata damu ya mtoto bila ya mtoto kuguswa. Hakuna anayelia. Ningefurahi kama hadithi ingeishia hapo, lakini damu ya kitovu inazungumzia dakika ya kuzaliwa peke yake. Haikuambii chochote kuhusu siku ya pili, wakati namba ziko kileleni. Nchi zenye utaratibu wa kumchoma kila mtoto kisigino kwa ajili ya maradhi ya kurithi zinaweza kutumia nafasi hiyo hiyo kuongeza matone machache. Sisi tukisema tutatumia damu inayobaki kwa watoto waliopimwa manjano, tumeshajiharibia, maana hao wamepimwa kwa kuwa kuna aliyewashuku.

Neno kwa wa maabara: kisigino kikikamuliwa, seli za damu zinapasuka, maji ya damu yanakuwa mekundu, na kwa baadhi ya mashine troponini T itasomeka chini kuliko ilivyo. Pasha kisigino joto, choma mara moja, acha damu idondoke yenyewe. Ikishindikana, mwache mtoto.

Sasa mtu ataniambia, na nimeambiwa: "Dokta, Wazungu wameshapima. Si tuchukue tu viwango vyao?" Kwa leo tuvichukue, maana ni bora kuliko 125. Lakini kisiwa hiki kina sababu ya kutoamini haraka namba iliyotoka mbali, na sababu hiyo imeandikwa hapa hapa. Watoto wapatao 24,000 wa Pemba, wa mwezi mmoja mpaka 35, waliingia kwenye utafiti wa kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki. Ulimwengu mzima uliamini chuma ni kheri tupu kwa mtoto. Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa, kwa sababu waliopewa walikuwa na uwezekano zaidi wa kulazwa au kufariki, kiasi cha asilimia 12. Malaria ilikuwa kali wakati ule, na chuma kwa mtoto asiyekipungukiwa kilimdhuru. Matokeo yalichapishwa 2006 na mwongozo wa dunia ukabadilishwa. Kisha ukaja utafiti wa kupaka dawa ya kloheksidini kwenye kitovu. Huko Asia ya Kusini dawa hiyo ilikuwa imeokoa maisha. Hapa Pemba walifuatiliwa watoto zaidi ya 36,000, na matokeo yaliyotoka 2016 hayakuonyesha upungufu wa vifo wa kuthibitika. Dawa ile ile, kitovu kile kile, matokeo mbali.

Sisemi kwamba moyo wa Mpemba umeumbwa kivingine. Nadhani tukipima tutakuta namba zinakaribiana sana. Lakini mama zetu wana upungufu wa damu kwa wingi, watoto wetu wengine huzaliwa wadogo, na mashine tunazotumia huenda si za kampuni ile ile. Troponini I, aina nyingine ya troponini, kwa mfano, kila mtengenezaji ana mpaka wake, na namba ya mashine moja huwezi kuisoma kwa mashine nyingine. Kudhani hakuendeshi wodi. Na kisiwa ambacho kina maabara ya afya ya jamii pale Wawi tangu mwaka 2000, na kimekuwa kikihifadhi sampuli za mama na watoto kwa utafiti mkubwa uliounganisha Pemba, Sylhet ya Bangladesh na Karachi ya Pakistan, hakiwezi kudai hakijui kazi hii.

Nimefika kwenye jambo ambalo wataalamu hulipitia juu juu: idhini. Wazee hapa wanakumbuka habari za mumiani. Tukitaja kuchukua damu ya mtoto asiyeumwa, khofu ile inaamka, na si busara kuicheka. Mwanamke hawezi kuulizwa akiwa na uchungu. Kwa hali ile angekubali hata kuuza nyumba. Aulizwe kliniki, mimba ikiwa na miezi saba au minane, akae nalo, azungumze na mumewe na mamake, arudi na maswali. Aambiwe damu kiasi gani, itakaa wapi, itatupwa lini, nani ataiona, na kama itavuka bahari au la. Akikataa, kitanda chake kibaki kile kile na uso wa muuguzi ubaki ule ule. Na kondo lake arudishiwe likiwa kamili, kwa familia zinazolizika. Nimeona maelewano yote yakivunjika kwa sababu ya kondo lililochelewa kutolewa chumbani.

Kisha kuna majibu. Ukimpima mtoto mzima ukakuta namba ya ajabu, utafanya nini? Kama hujapanga nani atampigia eko na nani atalipa boti, usimpime. Kamati ya maadili itakuuliza hilo kabla ya mimi.

Nimalizie kwa tahadhari kwa wazazi kabla ya maswali. Alama hizi hazionyeshi tundu la moyo. Takriban mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na kasoro ya moyo, na mwenye kasoro kubwa anaweza kuwa na troponini ya kawaida kabisa. Kifaa kinachowasaidia wengi zaidi ni kile kibanio chenye taa nyekundu cha kupima oksijeni. Baada ya saa 24 kivisheni mkono wa kulia, kisha mguu. Kikisoma chini ya 90 popote, daktari aitwe hapo hapo. Kama mkono au mguu ni chini ya 95, au mkono na mguu vinapishana kwa zaidi ya 3, rudieni baada ya saa moja. Hakuna tone la damu linalotoka. Wodi ambayo haijaanza hilo isije kwangu kuniuliza bei ya NT-proBNP.

Maswali yalikuwa mengi, nitayaandika mawili.

Mama mmoja wa Vitongoji aliuliza kama mtoto akibadilika midomo kuwa buluu wakati wa kunyonya asubiri arubaini ipite ndipo amtoe nje. Nilimjibu: usisubiri, mama yangu, hata iwe siku ya tatu, hata iwe usiku. Mtoto anayetoka jasho kichwani akinyonya, anayeacha titi kila mara ili apumue, asiyeongezeka uzito, huyo pia apelekwe spitali. Mfunike vizuri muende.

Kijana wa maabara akauliza: "Viwango vyetu hatuna bado. Kesho asubuhi nikiletewa damu ya mtoto wa siku mbili, niandike nini kwenye ile safu ya mwisho?" Nikamwambia aanze kwa kuiondoa 125 na 14 kwenye kompyuta kwa kila mwenye umri chini ya mwaka, ili mashine isipige H yenyewe. Aandike umri kwa saa, jina la mashine, na mipaka iliyochapishwa kwa umri huo, na aseme wazi kwamba imetoka nje. Kama kuna shaka, aombe kipimo cha pili baada ya siku kadhaa, kwani kwa mtoto mzima namba inateremka, na kuteremka huko kunasema zaidi kuliko namba moja. Na saa ya kuzaliwa aichukue kwa mkunga aliyempokea mtoto, asiikisie kwa kutazama tarehe ya fomu.